Chuma kisichokata kwenye sanduku la Pangani: si tindo, si cha fundi bomba

Kifaa chenyewe kiko hivi. Chuma kitupu, hakina mpini wala tundu la kutilia mpini, urefu wake kama sentimita 17. Juu kina kichwa cha duara kilichotanuka kidogo, chini ya kichwa kuna shingo ya mviringo inayojaa vizuri kwenye ngumi, halafu kuanzia katikati kinakuwa bapa na kinaendelea kupanuka mpaka mwisho wake unafika upana wa sentimita 6 hivi. Mpaka hapo kila mtu anasema patasi. Shida inaanza ukigusa ukingo, maana haukati kitu. Ni butu kabisa, una unene wa kama milimita 3, na ukikigeuza ukautazama ule ukingo kwa mbele unaona kuna mfereji mwembamba umepita katikati yake kutoka pembe moja hadi nyingine. Hakuna muhuri, hakuna jina la kiwanda, hakuna namba.

Kimetoka kwenye sanduku la mbao la babu yake rafiki yangu, Pangani mjini. Mzee alishafariki zamani, sanduku likakaa chini ya kitanda cha bibi, na bibi alipohamia Tanga kwa mwanawe ndo vitu vikaanza kutolewa na watu wakaanza kugawana. Ndani mlikuwa na tezo lisilo na mpini, keekee ya kutobolea mbao pamoja na uta wake, misumeno miwili iliyoliwa na kutu, misumari ya zamani ya pembe nne, mwiko wa kuashia, timazi, na vyuma vitatu ambavyo hakuna aliyevijua, hiki kikiwa ndo kikubwa kuliko vyote. Huo mwiko na hiyo timazi msivisahau, vilileta vurugu sana kwenye hii kesi.

Mjomba mmoja alitaka vyuma vyote viende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Binamu yake akasema hapana, hiki kikubwa akipe grenda kidogo kiwe kikali atakitumia kuvunjia plasta. Nikawaomba wasubiri, kwa sababu moja tu: mtu aliyefua hiki chuma alichonga ule mfereji makusudi, na mtu hachongi mfereji kwenye ukingo wa kitu anachotaka kikate. Ukishapitisha grenda pale umefuta ushahidi wote, hata ukija kujua baadaye huna tena cha kuonyesha.

Sasa tatizo la watu wengi wakishika kifaa cha zamani ni kwamba wanaangalia umbo tu, wanauliza kinafanana na nini, na jibu linakuja haraka kwa sababu kila chuma kinafanana na kitu fulani. Umbo linakupa orodha ya washukiwa, basi. Cha kumtoa mwenyewe kwenye ile orodha ni kilivyochakaa: kilipigwa na nini upande wa juu, kiligusa nini upande wa chini, na kimebakiza uchafu gani kwenye vijishimo ambavyo kitambaa hakifiki. Chakavu hakidanganyi kwa urahisi, kwa sababu hakuna mtu aliyekaa akakipanga, kimejitengeneza chenyewe kwa miaka ya kazi.

Washukiwa walikuwa watatu.

Wa kwanza tindo ya mwashi, ile pana. Hii ndo ilikuwa kauli ya mjomba, na hakuwa anaongea ovyo, alikuwa na mwiko na timazi mkononi. "Mwanangu, babu yenu alikuwa anaashia, hiyo ni tindo imekufa makali, mnaangaika na nini?" Na kweli pwani yetu nyumba za zamani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, mwashi anahitaji chuma pana cha kuchongea jiwe na kubandulia plasta. Upana unalingana, urefu unalingana, kukosa mpini pia kunalingana.

Wa pili alikuwa mtamu zaidi, na wengi hawamjui. Zamani mabomba makubwa ya maji yalikuwa ya chuma cha kusubu, bomba moja lina mdomo mpana na lingine linaingia ndani yake, na ile nafasi inayobaki katikati ilizibwa kwa nyuzi za katani au juti zilizoshindiliwa kwanza, kisha inamiminwa risasi iliyoyeyushwa. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu kwa hiyo moto wa mkaa unatosha, lakini ikipoa inasinyaa kidogo, kwa hiyo fundi anarudi kuigonga kwa vyuma butu mpaka ikae sawasawa na isipitishe maji. Vyuma butu, bila mpini, vya kugongwa kwa nyundo! Na maji ya bomba si mageni pwani, Sultani Barghash aliyetawala Unguja 1870 hadi 1888 ndiye aliyevuta maji ya chemchemi ya Chem Chem mpaka mjini. Ndugu mwingine wa familia akaongeza kwamba mzee aliwahi kufanya vibarua idara ya ujenzi enzi za mkoloni. Kwa hiyo nadharia ya fundi bomba ikapata nguvu ghafla.

Wa tatu ni fundi wa vyombo vya baharini, yaani mtu wa kalafati, kazi ya kuziba mianya kati ya mbao za jahazi au mashua. Pangani ni mji wa mdomo wa mto, majahazi na mashua vimekuwa vikiingia na kutoka pale tangu enzi na enzi, na tezo pamoja na keekee vilivyokuwa kwenye sanduku ni vyombo vya kazi ya fundi wa mbao za baharini. Ila mjomba alikuwa na jibu: tezo kila seremala anayo. Ni kweli.

Kwa hiyo yaliyokuwemo sandukuni hayakutosha kuamua, kwa sababu sanduku lilikuwa linatoa ushahidi wa pande mbili. Ikabidi tukirudie chuma chenyewe.

Tulianza na kichwa. Hapa ndo pa kuanzia siku zote kwa kifaa chochote kinachogongwa, na ukiwa na muda wa kuangalia sehemu moja tu angalia hapa. Tindo ya mwashi inapigwa kwa nyundo ya chuma. Chuma kwa chuma, kwa miaka, kichwa kinafumuka, kinachanua pembeni, kinatengeneza vipande vilivyojikunja kwa nje, vingine vimepasuka na vinachoma mkono. Mafundi wote wanalijua hilo na wenye akili wanakisaga mara kwa mara ili kisirushe kipande kikaingia jichoni. Cha fundi bomba vilevile, naye anatumia nyundo ya chuma. Sasa kichwa cha hiki cha kwetu kilikuwa laini. Kimetanuka kiasi, lakini kule kutanuka kumefuliwa tangu mwanzo na mhunzi, unaona duara limekaa sawa pande zote, na juu kumeng'aa kidogo bila shimo hata moja la nyundo. Pembeni hakuna kilichojikunja. Kitu kilichofanya kazi muda mrefu mpaka shingo ikalainika kwa kushikwa, lakini kichwa hakina jeraha, maana yake ni moja, kiligongwa kwa mti. Na sababu ya kukigonga kwa mti ipo: nyundo ya mti haiachi mrindimo mkali mkononi, unaweza kupiga mchana kutwa, na pigo lake linasukuma taratibu badala ya kuumiza.

Mjomba hakukubali hapo. Akasema labda hakutumia sana. Nikamwambia sawa, mjomba, tuangalie chini.

Tulizima taa, tukawasha tochi ya simu tukailaza pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya chuma kwa kukwaruza, kila mkwaruzo unatoa kivuli. Ukimulika kutoka juu moja kwa moja huoni kitu. Kwa mwanga wa pembeni vikatokea vitu viwili. Kwanza kwenye bapa, karibu na shingo, kulikuwa na mistari myepesi iliyopishana kama wavu, imefifia lakini ipo, yaani mhunzi alifua hiki kifaa kutoka kwenye tupa ya zamani na nyundo yake haikufuta meno yote. Hilo likaeleza kwa nini hakuna muhuri. Vya viwandani vinakuwa na jina, kwa mfano kampuni ya C. Drew ya Kingston, Massachusetts, ilipiga jina lake kwenye vyuma vyake vya kalafati na watu Marekani wanavikusanya mpaka leo. Cha kwetu ni cha mhunzi wa huku huku, na mhunzi wa pwani hapotezi chuma kizuri cha tupa.

Pili, ukingo. Pembe zote mbili za ule ukingo zimeviringika kwa ulaini, upande huu na upande ule sawasawa, na hakuna pengo. Matumbawe hayana huruma na chuma, chuma kikigonga jiwe kinapata vijipengo, kinapata mikwaruzo mirefu ya kwenda juu. Hapa hakuna. Kilichousugua huu ukingo kilikuwa laini kuliko chuma na kiliusugua mara nyingi mno. Mbao, au nyuzi, au risasi. Mwashi akaanza kutoka kwenye orodha, wakabaki wawili.

Kwa risasi kuna kipimo cha rahisi mno. Risasi ni laini inaandika kwenye karatasi nyeupe, inaacha mstari wa kijivu. Chuma kilichogonga risasi kwa miaka kinabeba utando wa kijivu kwenye ukingo na ndani ya mikwaruzo, na ukikisugua kwenye karatasi unaona. Tukasugua ukingo, tukasugua pembe, karatasi ikatoka na kutu tu, kahawia. (Tahadhari kwa wenye kujaribu: mkishuku risasi msichome, msikwangue kwa kupuliza, na mnawe mikono kabla ya kula. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto.) Halafu kuna jambo la umbo ambalo sasa lilikuwa na uzito: vyuma vya fundi bomba vya kushindilia nyuzi mara nyingi vimepindwa shingoni ili mkono usigonge bomba, na midomo yake ni myembamba kwa sababu inabidi iingie kwenye ile nafasi ya duara kati ya bomba na bomba. Chuma kilichonyooka chenye mdomo wa sentimita 6 hakiingii kwenye mviringo wa bomba la kawaida, kitagusa pembe mbili tu katikati kinaelea.

Kisha tukaingia kwenye mfereji, na hapa nilikaa muda mrefu kuliko kwingine kote kwa sababu ndo palipokuwa na mali. Umejaa kitu cheusi chenye kunata kilichokauka. Kwa sindano ya kushonea nikatoa punje chache, nikaziweka kwenye kijiko cha maji ya moto na sabuni. Mafuta yakaelea juu, na chini zikabaki nyuzi. Fupi, nyembamba, laini, rangi ya maziwa yaliyochanganyika na chai. Nyuzi za katani au juti ni ngumu na ndefu na zina mng'ao wa dhahabu, unaziona hata kwa jicho tupu. Hizi ukiziangalia kwa lenzi ya kukuza ni pamba. Nikachoma moja, ikawaka haraka ikanuka karatasi, haikuyeyuka, kwa hiyo si nailoni. Pamba yenye mafuta, imeshindiliwa kwenye mfereji wa chuma butu kinachogongwa kwa nyundo ya mti. Mimi kwa upande wangu kesi ilikuwa imeshakwisha hapo.

Lakini binamu akaona kitu ambacho kilimrudisha mjomba ulingoni. Kwenye bapa kulikuwa na madoa meupe. Akakamulia ndimu, doa likatoa povu. "Chokaa hiyo! Si tulisema mwashi?" Na kweli povu la ndimu ni dalili ya chokaa iliyokaa hewani, hilo halina ubishi. Mjomba akacheka sana.

Ila chokaa pwani haikuwa ya nyumba peke yake. Vyombo vya mbao chini ya mstari wa maji vilipakwa deheni, yaani chokaa iliyopondwa na shahamu, mafuta ya mnyama, ili maji yasipenye na wadudu wanaotoboa mbao wasipate njia. Chokaa ikikutana na mafuta inageuka aina ya sabuni isiyoyeyuka kwenye maji, ndo maana inadumu baharini. Kwa hiyo kuna njia ya kutofautisha chokaa ya mwashi na chokaa ya chombo bila maabara: tone la maji. Chokaa ya ukuta inalinywa tone na kugeuka rangi. Deheni inalikataa, tone linasimama na kuteleza. Tukaweka tone kwenye doa ambalo halikuguswa na ndimu. Likasimama. Tukaweka tone lingine kwenye ule mwiko wa mzee, ambao nao ulikuwa na chokaa, likanywewa pale pale. Vifaa viwili, sanduku moja, chokaa mbili tofauti. Hapo mjomba akanyamaza, halafu akasema maneno mazuri, "Basi mzee alikuwa na kazi mbili."

Niseme kidogo kuhusu kalafati yenyewe kwa ambao hawajawahi kuiona, maana bila hiyo ule mfereji hauelezeki. Jahazi au mashua inajengwa kwa mbao zilizopangwa ukingo kwa ukingo na kupigiliwa misumari kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo. Hata fundi awe hodari vipi, kati ya ubao na ubao kuna mwanya. Pamba inasokotwa iwe kama kamba nyembamba, inaloweshwa mafuta ya nazi au ya simsim, inalazwa kwenye mwanya, na inasukumwa ndani kwa chuma butu na nyundo ya mti, hatua kwa hatua, urefu wote wa chombo. Chombo kikishuka majini mbao zinavimba, zinaibana ile pamba, na maji hayapiti. Chuma kikiwa kikali kitakata pamba badala ya kuishindilia, kwa hiyo lazima kiwe butu. Mfereji kwenye ukingo unaishika pamba isiteleze kulia wala kushoto wakati wa pigo. Na upana ule kama kipepeo ni kwa ajili ya mwanya mrefu ulionyooka, unashindilia sehemu kubwa kwa pigo moja na ukingo unakaa sambamba na mwanya wenyewe bila kuchimba mbao.

Na hii ni kazi ya vyombo vya misumari. Mitepe ya zamani ya visiwa vya Lamu mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, ilikuwa ufundi mwingine kabisa ambao ulipotea mwanzoni mwa karne ya 20. Misumari ya pembe nne iliyokuwa sandukuni sasa nayo ikapata maana, ndo misumari ya vyombo, na kabla ya kupigiliwa inazungushiwa pamba yenye mafuta ili maji yasipite kwenye tundu. Kazi yenyewe haijafa. Nungwi kule Unguja, Jibondo karibu na Mafia, Matondoni kule Lamu, bado kuna watu wanajenga na kukarabati vyombo vya mbao. Ulaya na Marekani nako walifanya hivyo hivyo kwenye meli za mbao, ila wao badala ya pamba mara nyingi walitumia nyuzi za kamba kuukuu zenye lami, na Uingereza ya karne ya 19 wafungwa ndo walilazimishwa kuzichambua kamba hizo kwa vidole.

Ushahidi wa chuma ulitosha, lakini mimi naamini kifaa kikishakuambia jina lake kipeleke kwa mtu mwenye kazi hiyo akukatalie au akukubalie. Tukaenda ufukweni, kulikuwa na mashua imepandishwa na bamvua, yale maji makubwa, imelazwa ubavu, na fundi mzee amekaa kwenye kivuli chake anasokota pamba juu ya paja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu, hamjambo? Karibuni."

Rafiki yangu akamkabidhi chuma bila kusema neno, tulikuwa tumekubaliana hivyo njiani, tusimtie jibu mdomoni. Hii ni muhimu jamani, ukimuuliza mzee "hiki si cha kalafati?" anaweza kukuitikia kwa heshima tu. Akakipokea kwa mkono wa kulia, akakihamishia kushoto, na kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye mfereji, hakuangalia kichwa wala bapa.

"Chembeu hiki," akasema. "Kizuri. Mmekitoa wapi?"

Akamwuliza rafiki yangu ni mtoto wa nani, alipotajiwa babu akatikisa kichwa, akamtaja kwa jina la utani ambalo wajukuu hawakuwahi kulisikia. Kisha hakungoja kuombwa. Akachukua uzi wake wa pamba uliokwishalowa, akaulaza kwenye mwanya wa ubao wa pili kutoka mkuku, ule uti wa chini wa chombo, akaweka chembeu juu yake, akagonga. Mapigo mawili ya kwanza yalitoa sauti nzito iliyokufa, la tatu na la nne sauti ikapanda, ikawa kavu na ya juu, na hapo hapo akahamisha chembeu mbele kiasi cha nusu ya upana wake ili pigo jipya lipande juu ya la zamani. Akasema sauti ikishageuka unaacha, ukiendelea kupiga unazitenganisha mbao, chombo kinavuja kuliko ulivyokikuta. Nilitazama ule ukingo ukiingia kwenye mwanya, milimita zake 3 zimekaa humo bila kugusa kingo za ubao, na pamba imekaa ndani ya mfereji haitoki. Hakuna kipimo cha nyumbani kingetuonyesha hivyo.

Vile vyuma viwili vingine tulikuwa navyo mfukoni. Kimoja chembamba, mdomo wake hauzidi upana wa kidole, butu vilevile. Akasema hicho cha kwenye vichwa vya misumari na sehemu mbao zinapokutana ncha kwa ncha, kule chembeu kipana hakiingii. Cha tatu kimepinda mwishoni kama kucha, na hicho ndo pekee kilichokuwa kikali, cha kung'olea pamba iliyooza kabla ya kutia mpya. Nyumbani tulikuwa tumeshakisia ni cha kufungulia makopo.

Kwa hiyo sanduku lilikuwa ni la mtu wa kalafati aliyekuwa pia anaashia, na bibi alipopigiwa simu Tanga akamaliza ubishi wote kwa sentensi moja: babu yenu vyombo vikipandishwa anaitwa pwani, visipopandishwa anajenga nyumba za watu, mnadhani tulikula nini? Watoto wake walikua wakimwona kwenye ngazi na mwiko, kwa hiyo wakambakisha kichwani kama mwashi. Habari za idara ya ujenzi alizikubali pia, ila akasema kule alikuwa anabeba mawe.

Sasa kuhusu kukitunza. Tumekubaliana kisiguswe na waya brashi wala siki wala grenda. Kutu ya juu juu inapanguswa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, na ule mfereji unaachwa na uchafu wake kama ulivyo, kwa sababu ule uchafu ndo ushahidi wenyewe, pamba na mafuta ya watu waliosafiri. Picha zimepigwa na vipimo pembeni, pande zote, pamoja na ile ya mwanga wa kulala inayoonyesha meno ya tupa. Vyuma vyote vitatu vinakaa pamoja na misumari, havigawanywi kila mtu na chake, maana kimoja peke yake kinarudi kuwa chuma chakavu baada ya kizazi kimoja. Hapo mjomba ndiye aliyesimama kidete kuliko wote.

Kitu kimoja kilikuwa kimekosekana, nyundo. Fundi ndiye aliyeuliza, "Na nyundo yake ya mti iko wapi?" Sandukuni haikuwemo. Bibi alipoulizwa akasema ile imo jikoni Pangani miaka yote, inapondea chumvi ya mawe na kugongea vigingi vya kamba ya nguo. Ikaletwa. Mti mzito mweusi kwa mafuta, mpini umeshabadilishwa, na kwenye nyuso zake mbili kuna mabonyeo ya duara yamepandana yamejaa katikati. Tukachukua chembeu tukakigeuza kichwa chini tukakiweka juu ya bonyeo moja lililobaki safi pembeni. Kikaingia sawasawa.